Wilaya ipi inaongoza kwa saratani Nyanda za Juu Kusini? Naombeni msaada kulisoma jedwali

Mhudumu_Igowole

Kamwene wapendwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Igowole, Mufindi. Mtendaji wa kata ameniomba nizungumze kuhusu saratani kwenye mkutano wa hadhara, maana watu wana hofu. Tumezika akina mama wawili kwa saratani ya mlango wa kizazi na mzee mmoja aliyefikia hatua ya kushindwa kumeza hata uji.

Sasa kwenye makundi ya WhatsApp linazunguka jedwali la wilaya za Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Kila wilaya imeandikiwa idadi ya wagonjwa wa saratani waliopokelewa hospitalini, mwaka juzi na mwaka jana. Juu wameandika kwa rangi nyekundu WILAYA HATARI. Jiji la Mbeya ndilo la kwanza, Rungwe inafuata. Sisi Mufindi tuko katikati lakini tumepanda karibu mara mbili. Ludewa iko chini kabisa.

Tayari kuna wanaosema ni dawa za viazi, wengine wanasema ni chai, wengine mnara wa simu. Kuna baba kaniambia anamhamisha mkewe aende kwa dada yake Ludewa kwa sababu "huko hakuna kansa". Naombeni anayejua anisaidie. Je, naweza kulisoma jedwali hili mbele ya watu? Na kupanda mara mbili kuna maana gani?

Mkulima_Isyonje

Mimi nalima viazi, na kwetu dawa ya ukungu tunapuliza karibu kila wiki mvua zikiwa nyingi. Bomba linavuja mgongoni, unarudi nyumbani shati limelowa. Rungwe kuwa ya pili hakunishangazi hata kidogo. Msilifiche jedwali kama hilo, wananchi wana haki ya kujua.

KaraniUyole

Dada Igowole, pole kwa misiba. Mimi nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa masjala ya hospitali hapa Mbeya, kufungua majalada na kujaza rejesta, zikiwemo fomu za wagonjwa wa saratani. Jedwali lako silijui limetoka wapi, lakini najua namba za namna hiyo zinavyozaliwa. Usilisome mkutanoni.

Anza na safu ya "makazi". Mgonjwa anatoka Chunya, au Ileje, au Ludewa huko ndani. Anafika Mbeya mjini, anafikia kwa mtoto wa kaka yake Mwanjelwa au Soweto, maana matibabu ni ya kurudi na kurudi. Dirishani anaulizwa, "Unakaa wapi?" Anajibu Soweto. Hajadanganya, usiku huo alilala Soweto. Karani anaandika Mbeya Jiji. Mgonjwa wa Ludewa ameshakuwa wa Jiji, Jiji limepanda na Ludewa imeshuka. Mimi nilikuwa nauliza, "Kabla ya kuugua ulikuwa unalala wapi, na shamba lako liko kijiji gani?" Foleni ikiwa imefika mlangoni si kila mtu anapata nafasi ya kuuliza hivyo.

Halafu tazama umbali. Rungwe iko kwenye lami, Tukuyu hadi Mbeya mjini ni safari ya asubuhi. Anayetoka vijiji vya Ludewa vya mwambao wa Ziwa Nyasa ana safari ya aina nyingine kabisa. Wengi hawafiki. Wanatibiwa vidonda vya tumbo, wanakwenda kwa mganga, wanafia nyumbani, na hakuna mtu aliyewahi kukata kinyama na kukipeleka maabara. Mtu asiyepimwa haingii kwenye rejesta. Ndiyo maana namba ndogo inanitia wasiwasi kuliko kubwa. Yule baba mwambie asimpeleke mkewe kule kwa sababu ya jedwali. Kama ni kumpeleka mahali, ampeleke kupimwa.

Kuna na jambo la kuhesabiwa mara mbili. Kwa miaka mingi matibabu ya mionzi yalikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, pekee. Mgonjwa mmoja alikuwa na jalada Iringa, jalada Mbeya na jalada Dar, na jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti kila mahali. Usajili mzuri wa saratani unakaa chini na kulinganisha jina, umri, kijiji na aina ya uvimbe mpaka mtu mmoja abaki mtu mmoja. Orodha ya waliopokelewa haifanyi hivyo. Hata mgonjwa wa zamani aliyerudi kliniki huweza kuhesabiwa kama mpya.

Mwl_Hesabu_Iringa

Karani amesema kweli tupu. Niongeze upande wa hesabu, kwa sababu hata kama kila mgonjwa angeandikwa sawasawa, jedwali hilo bado lisingefaa kulinganisha.

Kwanza, linatoa idadi bila watu waliomo. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mbeya na watu 2,343,754, Songwe 1,344,687, Iringa 1,192,728 na Njombe 889,946. Hata hatari ingekuwa sawasawa kila mahali, Mbeya lazima ipate wagonjwa zaidi ya mara mbili na nusu ya Njombe. Ndiyo sababu wataalamu husema visa vipya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka.

Pili ni umri, na hapa wengi wanapotea. Saratani nyingi ni za watu wazima. Tuseme wilaya mbili zina watu 100,000 kila moja. Katika zote mbili, walio chini ya miaka 50 hupata saratani 20 kwa kila 100,000, na waliofikisha 50 hupata 300 kwa kila 100,000. Hatari ni ileile kabisa. Lakini wilaya ya kwanza ina wazee 10,000, ya pili ina 20,000 kwa sababu vijana wamekwenda mjini. Piga hesabu: ya kwanza itapata wagonjwa 48, ya pili 76. Mtu akiona 48 na 76 ataanza kutafuta sumu kwenye maji. Ili kuondoa tofauti hiyo, viwango vya kila rika huwekwa kwenye mizani ya umri iliyo moja kwa wote. Hicho ndicho kiwango kilichosawazishwa kwa umri. Ukiona takwimu za saratani zisizosema kama zimesawazishwa au la, zirudishe kwa aliyekutumia.

Marekani huchapisha viwango vya kila jimbo, kaunti kwa kaunti, na mwelekeo wake kama unapanda, unashuka au umetulia. Kule Florida kuna kaunti ya Sumter, ambako zaidi ya nusu ya wakazi wana miaka 65 na kuendelea kwa sababu wastaafu wengi wamehamia. Bila kusawazisha umri, kaunti hiyo ingeonekana kama mahali pa kukimbia. Wao hutumia wastani wa miaka mitano, na kundi la wagonjwa ndani ya kaunti likiwa halifiki watu 16, kiwango chake hakionyeshwi kabisa. Sababu moja ni siri za wagonjwa. Nyingine ndiyo inayolihusu swali lako la "mara mbili". Mahali ambapo kwa kawaida hupatikana wagonjwa 4 kwa mwaka, mwaka mmoja wanaweza kuwa 2 na mwingine 7 bila chochote kubadilika duniani. Miaka miwili haitengenezi mwelekeo. Na usipotuambia Mufindi imepanda kutoka wangapi hadi wangapi, neno "mara mbili" halina uzito wowote.

Angalieni pia mipaka. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,707,410 kwenye sensa ya 2012. Hawakupungua hadi 2,343,754, bali Songwe ilitengwa 2016. Njombe nayo ilitoka Iringa 2012. Mafinga ilipokuwa halmashauri ya mji, wagonjwa waliokuwa wakiandikwa Mufindi wakagawanyika. Anayechora mstari wa miaka kumi bila kujua hayo atatangaza ushindi dhidi ya saratani, kumbe ni ramani iliyokatwa.

Mkulima_Isyonje

Nawaelewa, walimu wangu. Lakini kwa maelezo hayo naona kila kitu kinafutwa. Ina maana hakuna tofauti yoyote ya kweli kati ya mahali na mahali? Na dawa zetu je?

KaraniUyole

Ndugu yangu wa Isyonje, swali lako ni zito na sitaki uondoke bila jibu.

Tofauti za kweli zipo, na nyingine ziligunduliwa kwa kuangalia ramani. Kulikuwa na daktari mpasuaji Kampala, Denis Burkitt, aliyekuwa akiona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanauona ugonjwa huo. Wakakuta haupo kwenye nyanda za juu zenye baridi, upo mabondeni kwenye joto na mvua. Baadaye ikafahamika kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, pamoja na kirusi, ndivyo vinavyoandaa njia. Kwetu hapa Kyela kuna joto na mbu, na ukipanda kwenda Tukuyu unatafuta sweta, vyote ndani ya mkoa mmoja. Kwa hiyo kulinganisha wilaya kuna faida sana. Ila Burkitt alifuata ugonjwa mmoja. Jedwali la dada limechanganya saratani zote kapuni, na saratani ya tezi dume haina uhusiano na uvimbe wa taya la mtoto.

Kuhusu dawa: rejesta niliyojaza ilikuwa na safu ya kazi, na karibu kila mtu aliandikwa "mkulima". Aliyepuliza viazi, aliyelima mahindi ya kula, mama mwenye bustani ya mboga, wote wakulima. Kwa namba hizo hakuna anayeweza kusema dawa ndizo, wala kusema si dawa. Anayetaka kujua lazima amuulize kila mgonjwa alipuliza nini na kwa miaka mingapi, kisha awaulize hivyo hivyo wasiougua. Wewe usisubiri utafiti huo. Bomba linalovuja litengeneze, vaa koti na glavu, na shati lililolowa dawa livue palepale shambani, uoge.

Saratani ambayo nathubutu kusema mbele ya mkutano wowote kwamba Nyanda za Juu Kusini ina sababu ya kuihofia zaidi ni ya mlango wa kizazi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni 4.4. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita ya kupata saratani hiyo. Hapo sihitaji jedwali la WhatsApp.

Mwl_Hesabu_Iringa

Naunga mkono. Dada, kuwa tayari kwa jambo moja: mkihamasisha wanawake wakapimwa, namba ya Mufindi itapanda tena mwakani. Marekani, vipimo vya damu vya tezi dume vilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1980, visa vipya viliruka hadi kilele mwaka 1992, kisha vikashuka. Wanaume hawakuugua ghafla, walitafutwa. Waambie viongozi wako mapema, wasije wakaizima kambi ya uchunguzi kwa sababu "takwimu zinachafuka". Watazame wangapi wamekutwa mapema na wangapi wamechelewa.

Mhudumu_Igowole

Asanteni sana, nimeelewa. Jedwali silisomi, na kundini nimeshaandika kwa nini. Nitaongea kuhusu uchunguzi wa siki, ule wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona dalili za mapema, kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye VVU wasisubiri umri huo. Pia chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kwamba tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, maana bado kuna wazazi wanaoikimbia shuleni. Je, chai niseme nini? Huku ndiyo kazi yetu na ndiyo kinywaji chetu.

Na la mwisho, Karani. Yule mzee aliyeshindwa kumeza hakufika hospitali kubwa. Alifia nyumbani. Yeye na wengine kama yeye nawafanyaje?

KaraniUyole

Chai haina kosa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya kumezea chakula, na sisi wa Afrika Mashariki tuko kwenye ukanda wenye saratani hiyo kwa wingi. Waambie chai ipoe kidogo kikombeni kabla ya kunywa. Pombe na sigara pia zitaje.

Mzee wako usimhesabu kwenye saratani, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwa kipimo. Lakini usimwache apotee. Fungua daftari lako pembeni: jinsia, umri, kitongoji alichoishi na si alikofia, alianza kuumwa nini na mwezi gani, kituo cha mwisho alichofika, kwa nini hakuendelea. Jina usiandike, weka namba, na funguo ya namba ibaki kwako na mganga mfawidhi wa kituo. Kila robo mwaka mpelekee mratibu wa magonjwa yasiyoambukiza wa halmashauri nakala. Sehemu ile ya "kwa nini hakuendelea" iandike kwa maneno yake mwenyewe au ya familia, kama ni nauli, kama alikatishwa tamaa, kama alirudishwa na vidonge vya tumbo. Sisi masjala hatukuwahi kuwa na safu hiyo.