Dunia ya Tatu, nchi inayoendelea, au Kusini: tuseme lipi?

Mwana Ibanda (Bukavu): Asubuhi redio inasema Kongo ni nchi ya Dunia ya Tatu. Mchana tunakuwa nchi inayoendelea. Jioni anakaribishwa mtaalamu, tunageuka "Kusini". Nchi ni ileile, barabara ni zilezile. Mimi nasema "Dunia ya Tatu" litupwe. Ni tusi. Ukisema mtoto ni wa tatu, umeshasema wawili wamempita.

Mwalimu wa Nyawera (Bukavu): Si tusi, wala si cheo. Alfred Sauvy, Mfaransa wa takwimu za watu, aliliandika Tiers Monde katika gazeti la L'Observateur, 14 Agosti 1952. Alikuwa anakumbusha Tiers État ya Ufaransa kabla ya 1789: makasisi kundi la kwanza, makabaila la pili, na la tatu wengine wote, yaani wengi na walipa kodi. Kambi ya Marekani ilikuwa na sauti, kambi ya Urusi ilikuwa na sauti. Waliobaki hawakusikilizwa, naye akaonya kwamba nao watataka kuwa kitu. Hapo hakuna mashindano ya utajiri. Kosa liliingia kwenye Kiswahili, maana "tiers" ni theluthi. Tungesema Theluthi ya Dunia, leo tusingegombana.

Fundi wa Katuba (Lubumbashi): Mwalimu, hapo hapana. "Un tiers" ndiyo theluthi. "Tiers" ya Tiers État ni kivumishi cha zamani, maana yake "wa tatu", kama mtu anavyosema "une tierce personne". Waliofasiri "Dunia ya Tatu" walifasiri vizuri. Na theluthi ingekosea hata hesabu, kwa sababu watu wa nchi hizo walikuwa zaidi ya theluthi ya wanadamu.

Mwana Ibanda: Kumbe ni "wa tatu", nilivyosema.

Mwalimu wa Nyawera: "Wa tatu" kwa mpangilio, si kwa ubora! Siku ya tatu ya juma si mbaya kuliko ya kwanza. Kiswahili kinatumia "-a tatu" kwa vyote viwili, ndiyo maana lazima mtu ajue historia kabla ya kukasirika.

Mama Birere (Goma): Mwalimu usitusemeshe kama watoto wa darasa la pili. Neno linaishi kwenye vinywa vya wanaolisema leo, haliishi katika gazeti la 1952. Mtu akisema "hospitali ya Dunia ya Tatu" hamkumbuki Sauvy, anakusudia hospitali isiyo na dawa. Ila nakubali kwamba zamani lilivaliwa kwa fahari. Bandung, Indonesia, 1955: Nehru wa India, Nasser wa Misri, Tito wa Yugoslavia walikaa meza moja.

Fundi wa Katuba: Tito hakuwa Bandung, mama. Ule ulikuwa mkutano wa Asia na Afrika, Aprili 1955, nchi 29. Tito aliwapokea wenzake Belgrade, Septemba 1961, na huko ndiko Harakati ya Nchi Zisizofungamana na upande wowote ilikozaliwa. Kongo haikuwa Bandung hata kidogo.

Mama Birere: "Hata kidogo"? Ingeendaje na Mbelgiji amekalia kiti? Belgrade tulikuwepo, serikali ya waziri mkuu wetu Adoula ilikwenda, na uhuru wetu ulikuwa na mwaka mmoja tu. Usiseme kana kwamba tulilala.

Fundi wa Katuba: Sikusema tulilala. Nilisema hatukuwepo.

Kijana wa Himbi (Goma): Wakubwa, na "inayoendelea"? Hilo ndilo linaloniumiza. Tazameni vitenzi: wao ni nchi *zilizo*endelea, wamemaliza, -li- imefunga mlango. Sisi *zinazo*endelea, -na- haina mwisho. Tena "kuendelea" kwetu ni kubaki na jambo lilelile: mvua inaendelea, vita vinaendelea. Benki ya Dunia yenyewe iliacha mgawanyo huo wa mbili mwaka 2016 kwenye vitabu vyake vya takwimu, ikabaki na ngazi nne za pato. Lakini "Kusini" nalo ni bovu. Goma iko kusini mwa ikweta, Butembo iko kaskazini kidogo. India yote iko kaskazini. Australia iko kusini kabisa, nani anaiita maskini?

Mwalimu wa Nyawera: Kusini hapo si dira, ni siasa. Ripoti ya 1980 ya tume ya Willy Brandt, kansela wa zamani wa Ujerumani Magharibi, ilichora mstari wa kugawa nchi tajiri na maskini, uliopinda makusudi ili Australia na New Zealand zibaki upande wa matajiri. Na nchi zenyewe zilikwisha jipa jina: Kundi la 77, kwa idadi yao siku ile, Geneva, 15 Juni 1964. Sasa wanachama ni 134, jina halikubadilika.

Dada wa Kalehe: Mnapigania majina ambayo duwane, yaani forodha, haiyasomi. Jina lenye kazi ni moja tu: nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, zile za PMA kwa Kifaransa. Umoja wa Mataifa ulianza orodha hiyo 1971, Zaire, ndiyo Kongo yetu, iliingia 1991, na leo nchi ni 44. Mezani kuna vipimo vitatu: pato la mtu, afya na elimu, na udhaifu mbele ya misukosuko ya uchumi na mazingira. Hesabu inapigwa kila miaka mitatu. Katika ile ya 2024, kipimo cha pato cha kuingia kilikuwa dola 1,088 kwa mwaka au chini yake, cha kutoka 1,306 au zaidi. Ili kutoka, kwa kawaida upite vipimo viwili kati ya vitatu, mara mbili mfululizo. Botswana ilitoka 1994. Na hakuna anayeingizwa kwa nguvu: Ghana na Zimbabwe zilikataa.

Mwana Ibanda: Zilikataa! Mnaona? Kwa sababu jina linaumiza. Ndilo swali langu.

Fundi wa Katuba: Sisi tuliokubali tumepata nini? Shaba yetu ya katodi, yale mabamba yaliyosafishwa, inaingia Ulaya bila ushuru, lakini ya Chile nayo pia.

Dada wa Kalehe: Kwa sababu mnauza kabla ya kuitengeneza bidhaa, yaya. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unapokea kila kitu cha PMA bila ushuru isipokuwa silaha. Lakini kahawa mbichi ya Idjwi au Kalehe haina ushuru hata ikitoka Brazil. Jina halikusaidii hata franga moja. Ikikaangwa, ushuru wa kawaida ni 7.5%, na hapo PMA inaufuta. Faida iko kwenye kukaanga, na sisi tunapeleka mbichi.

Mama Birere: Kukaanga ni rahisi kusema. Kilo 100 mbichi zinatoa 80 na kitu, maji yanaondoka. Mbichi ikikaushwa hadi unyevu wa 11 au 12% inakaa miezi mingi kwenye viroba. Iliyokaangwa inaanza kupoteza harufu ndani ya wiki chache, na safari ya Mombasa pamoja na meli inazila zote.

Dada wa Kalehe: Ndiyo maana kuna mfuko wenye vali. Kahawa iliyotoka motoni inatoa gesi. Ukiifunga mara moja bila vali, mfuko unavimba na kupasuka. Ukiiacha wazi ipumzike, hewa inaiharibu. Vali inatoa gesi na hairuhusu hewa kuingia.

Mwana Ibanda: Samahani, tulikuwa kwenye "Dunia ya Tatu".

Fundi wa Katuba: Karatasi je? Duwane ya Ulaya itajuaje ni ya Kongo?

Dada wa Kalehe: Tamko la asili kwenye ankara. Mzigo usiozidi yuro 6,000, muuzaji yeyote anaandika. Ukizidi, lazima awe amesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wauzaji, na namba yake ionekane kwenye tamko. Na njiani, Uganda au Kenya, mzigo usifanyiwe kazi yoyote zaidi ya kuulinda usiharibike. Tunza karatasi za kupita kila mpaka, maana mnunuzi ndiye atakayeulizwa, na akikosa cha kuonyesha analipa ile 7.5% kisha anakukata kwenye bei ya mzigo unaofuata.