Kurekodi gitaa la umeme moja kwa moja kwenye kompyuta bila maikrofoni

MpigaSolo_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Ninapiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya muziki wa dansi. Chumba nilichopanga hapa Tabata hakiruhusu kuwasha amplifaya kwa kiwango kinachofaa kurekodiwa, kwa kuwa ukuta ninaochangia na jirani ni mwembamba, na bodaboda hazikatiki barabarani hadi usiku wa manane, hivyo hata maikrofoni ingenasa mengi kuliko gitaa lenyewe. Nimenunua adapta ndogo Kariakoo na kuchomeka waya wa gitaa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato. Ninachopata ni mlio uliofifia, usio na ung'avu wa nyuzi nyembamba, na nikiweka distoshoni (ule mkoromo wa gitaa) kwenye programu unageuka kuwa kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Zaidi ya hayo, ninachokisikia kwenye hedifoni kinachelewa nyuma ya vidole vyangu. Naomba kuelekezwa tatizo liko wapi, na kama kweli inawezekana kupata mlio wa gitaa la dansi bila amplifaya.

FundiMitambo_Sinza

Inawezekana mkuu, na tatizo lako la kwanza liko kwenye tundu, wala si kwenye programu. Pikapu ya gitaa, yaani ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, ni chanzo dhaifu cha umeme ambacho hakipendi kubebeshwa mzigo. Ili itoe mlio wake kamili inahitaji kukutana na ukinzani mkubwa upande wa pili, kwa kawaida megaomu 1 hivi, kama ulivyo mlango wa amplifaya ya gitaa. Tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato lina kilo-omu chache tu, kwa sababu lilitengenezwa kwa ajili ya maikrofoni ndogo za kuzungumzia. Mzigo huo unakandamiza masafa ya juu, hasa kile kilele cha kati ya kilohezi 2 na 5 ambacho ndicho kinachotambulisha gitaa moja na jingine. Kuongeza treble baadaye hakukirudishi, kwani unapandisha kelele pamoja na kidogo kilichobaki.

Unachohitaji ni intafesi ya sauti ya USB, yaani kifaa kidogo cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, yenye mlango wa gitaa, ulioandikwa "Inst" au "Hi-Z", au wenye alama ya gitaa. Ya mlango mmoja inakutosha kabisa, kwa hiyo usishawishike kununua yenye milango minane. Hakikisha umebonyeza kitufe cha Inst, kwa sababu kwenye intafesi nyingi mlango uleule hutumika pia kwa kinanda au mikisa, na kitufe kisipobonyezwa utabaki na mlio uleule uliofifia huku ukidhani umeibiwa. Waya wa gitaa usizidi mita 5 au 6, kwa kuwa nao hula masafa ya juu kadiri unavyorefuka.

Kuhusu kiwango, piga kwa nguvu kuliko utakavyopiga kwenye wimbo, kisha rekebisha kitufe cha gain hadi vilele vifike karibu desibeli 12 chini ya sifuri, yaani kikomo cha juu cha kipimo. Ukirekodi kwa biti 24 hakuna faida yoyote ya kukaribia sifuri, na taa nyekundu ikiwaka hata mara moja pigo hilo limeharibika moja kwa moja.

DadaRidhim

Ninaunga mkono maelezo ya FundiMitambo, nami nizungumzie hao nyuki, kwa sababu intafesi peke yake haitawaondoa. Watu wengi hudhani mlio wa gitaa la umeme unatoka kwenye gitaa na amplifaya, wakaisahau spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi kila kitu inacholetewa: juu ya kilohezi 5 hivi sauti yake huporomoka kwa kasi. Distoshoni huzalisha masafa mengi ya juu, na kazi ya spika ni kuyachuja. Ukiingiza distoshoni kwenye kompyuta bila spika, masafa hayo yote yanakufikia masikioni yakiwa mabichi.

Kwa hiyo, baada ya programu inayoiga amplifaya, lazima pawe na kitu kinachoiga kabineti ya spika. Njia bora ni faili fupi za sauti ambazo mafundi huziita IR. Faili hizo hubeba tabia ya spika fulani, katika kabineti fulani, mbele ya maikrofoni fulani, na mara nyingi utakuta zimechukuliwa kwa Shure SM57. Nyingi hupatikana bila malipo. Kwa upande wa amplifaya kuna Neural Amp Modeler, ambayo nayo ni ya bure na hubeba amplifaya halisi zilizonakiliwa na watumiaji wenyewe. Kwa gitaa la dansi chagua amplifaya safi, isiyokoroma, kisha tumia muda wako mwingi kubadilisha IR, maana hapo ndipo mlio unapobadilika zaidi. Mimi ningeanza na IR moja na kuizoea kabla ya kupakua mamia.

Usiogope kwamba njia hii ni ya kimaskini. Studio ya Motown kule Detroit, katika miaka ya 1960, iliingiza magitaa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na wapigaji wakajisikiliza kupitia spika ya pamoja. Gitaa safi linaivumilia njia hii kuliko gitaa zito la roki, na la kwetu ni safi.

Jambo moja usiliache: rekodi gitaa likiwa kavu, yaani mlio wake mtupu, na programu iwe juu yake kwa ajili ya kusikiliza tu. Ukibadili mawazo kesho kuhusu amplifaya, mapigo yako yatakuwa salama.

MpigaSolo_Tabata

Nawashukuru sana. Yamebaki mambo mawili. La kwanza ni kule kuchelewa, na la pili ni mvumo mzito ambao haukomi hata nisipopiga, ila hupungua nikigeuza kiti.

FundiMitambo_Sinza

Kuchelewa kunatokana na bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata, na draiva, yaani programu inayoiunganisha intafesi na kompyuta. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa intafesi yako. Mac ina Core Audio tayari. Kisha punguza bafa hadi sampuli 128, ambazo kwa hezi 48,000 ni chini kidogo ya milisekunde 3 kuingia na nyingine kama hizo kutoka. Sauti hewani hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita, hivyo hata jumla ikifika milisekunde 9, pamoja na muda wa intafesi yenyewe, ni sawa na kusimama mita 3 kutoka kwenye amplifaya, umbali uliouzoea jukwaani. Kompyuta ikianza kukwaruza panda hadi 256. Hedifoni za Bluetooth ziweke kando kabisa, kwa sababu ucheleweshaji wake ni mkubwa kiasi kwamba hakuna bafa itakayokuokoa. Tumia za waya.

Huo mvumo ni hezi 50 za umeme wetu, na kupungua unapogeuka ni ushahidi kwamba pikapu zako ni za koili moja na zinaunasa hewani. Kaa mbali na chaja na feni, tafuta upande ambao mvumo ni mdogo kabisa, ubaki hapo. Jaribu pia kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri. Ikiwa mvumo unapungua unapogusa nyuzi kwa mkono, mwite fundi umeme apime waya wa ethi, kwa maana vyumba vingi vya kupanga vina soketi ya matundu matatu isiyounganishwa na ethi yoyote. Kamwe usikate pini ya ethi ili kuua mvumo, kwani ethi ndiyo inayokulinda wewe unayeshika nyuzi za chuma.

DadaRidhim

Niongeze kwa upande wa bendi, kwa sababu najua utataka kumwita mpiga ridhim na wa second solo. Rekodi za dansi zilizofanywa Radio Tanzania zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, kwa hiyo magitaa yalishiriki hewa ya chumba kimoja. Magitaa matatu yaliyoingizwa moja kwa moja hayana chumba chochote, na msikilizaji huhisi wapigaji hawajuani. Yapeleke yote matatu kwenye rivabu (mwangwi wa chumba) moja fupi ya chumba kidogo, kwa kiasi cha kuhisiwa tu, badala ya kumpa kila mmoja rivabu yake. Ridhim iende kidogo kushoto, second solo kulia, nawe ubaki katikati. Anzeni kurekodi ridhim pamoja na besi, kisha second solo, ili wewe unapoingia uwe unajibu kitu unachokisikia.