Mzee Wilson ana kosa gani? Mjadala kuhusu Dennis the Menace

Mleta mada:
Jana nimeirudia filamu ya Dennis the Menace ya mwaka 1993 pamoja na wanangu. Wao walicheka hadi wakagaagaa sakafuni, mimi nikajikuta namhurumia mzee Wilson. Mstaafu wa watu, Walter Matthau amemwigiza kwa uso wa mtu aliyenyimwa usingizi, hamchokozi yeyote. Kitandani kwake mtoto wa jirani, Dennis, anamfyatulia aspirini kwa manati hadi kooni. Meno ya bandia yanapungua mawili ya mbele, mtoto anaziba pengo kwa jojo, na mzee anapigwa picha ya gazeti akitabasamu hivyo hivyo. Halafu mwishoni anayejuta ni yeye! Mnaona sawa watoto wetu kutazama hii? Mimi naona inawafundisha kwamba jirani akikasirika ndiye mbaya.

Mama Pacha:
Umesimulia nusu, kaka. Mzee alijifanya amelala ili mtoto aondoke, na Dennis akadhani anaumwa. Ile aspirini ilikuwa dawa! Balaa nyingi za mtoto huyu zinaanzia kwenye wema.

Tena kesi yenyewe iko kwenye ua. Mzee ameulea ule mmea miaka 40, na unachanua usiku, sekunde chache tu, basi, umekufa. Kaalika wapenda bustani, wote wamekodoa macho. Dennis anaingia akipiga kelele kwamba mwizi ameiba sarafu za mzee. Wanageuka kumtazama, wakirudisha macho ua limeshakwisha. Mtoto kasema kweli, nyumba imeibiwa kweli, na malipo yake ni kuambiwa hatakiwi tena machoni pa mzee. Anatoka na baiskeli yake gizani, anaangukia mikononi mwa mwizi yule yule. Wewe usingejuta?

Mzee wa Baraza:
Nyote mnawaacha wazazi. Baba ana safari ya kazi, mama ana safari ya kazi, walezi wa kulipwa wamemkimbia mtoto, ndipo anatupiwa akina Wilson. Enzi zetu jirani angemkanya siku ya kwanza na mama yake angeshukuru. Mimi nilichapwa na jirani kwa embe moja, nikafika nyumbani nikachapwa tena kwa kumsumbua jirani. Wilson kapewa mzigo wa kulea, rungu la kukanya hakupewa.

Mama Pacha:
Shikamoo mzee wangu. Mbona Bi Martha, mkewe, hakuhitaji rungu? Hawakujaaliwa mtoto, lakini usiku Dennis anapolala kwao anamsomea shairi la kumlaza na mtoto anatulia kabisa. Nyumba ile ile, mtoto yule yule.

Mpenda Katuni:
Naingia kwa upande mwingine. Filamu imetoka kwenye katuni ya gazetini, ambayo Hank Ketcham alianza kuichora mwaka 1951, akianzia kwa mwanawe wa kumzaa, ambaye naye aliitwa Dennis. Gazetini ni kisanduku kimoja: kioo kimevunjika, umecheka, umefungua ukurasa mwingine. Filamu inarundika visa hivyo kwa saa moja na nusu juu ya kichwa cha mzee mmoja, ndiyo maana mleta mada kaumia. Na yale mateso ya mwizi, kufungwa pingu na kuwashwa moto, msishangae: mwandishi ni John Hughes, aliyeandika Home Alone, ile filamu ya mtoto anayewatesa wezi, miaka mitatu kabla. Hapo ndipo ningelalamika mimi. Mtoto anayeunguza mtu na hadhira inapiga makofi kwa kuwa aliyeungua ni mzururaji mchafu... sijui, mimi sikucheka.

Mleta mada:
Marahaba kwa wote. Kwenye ua nimeshindwa, Mama Pacha, sikuwa nimelitazama hivyo. Kwenye meno sishindwi: jojo haikuwa wema, ilikuwa kuficha kosa. Na mzee wa baraza, la kukanya umenigusa, ila jirani yangu akimgusa mwanangu tutafika kwa mjumbe.

Manati nimeikuta leo asubuhi chini ya mto wa mdogo. Kaitengeneza kwa mpira wa tairi la baiskeli yangu.