Mdogo wangu kasimamishwa chuo mwaka mzima bila kuitwa popote. Tuanzie wapi?

DadaWaPili
Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu, nyumbani tumevurugwa.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, chuo kikuu cha umma hapahapa Tanzania. Chuo chenyewe sitakitaja. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) lilichelewa, wanafunzi wakaanza kulalamika kwenye grupu la WhatsApp la darasa, wengine wakapanga kwenda kukaa mbele ya jengo la utawala. Yeye ni admini wa grupu. Usiku walinzi wakamfuata bwenini, wakachukua simu, wakamlazimisha aifungue, kisha wakamwandikisha maelezo. Siku chache baadaye akapewa barua: amesimamishwa masomo mwaka mmoja kwa kosa la kuchochea mgomo, aondoke ndani ya saa 24. Hajaitwa kwenye kikao chochote, hajaonyeshwa ushahidi wowote.

Baba anataka tuandike barua ya kuomba msamaha tukamwangukie makamu mkuu wa chuo. Mimi roho inakataa, kwa sababu kijana anaapa hakupanga chochote. Kuna sheria inayomlinda mwanafunzi, au chuo kikishaamua ndiyo imetoka?

Mzee wa Busara
Pole sana mwanangu. Msikilizeni baba yenu. Nimeona vijana wakishindana na uongozi wa chuo, wenzao wanahitimu wao bado wanazunguka na mafaili. Nendeni na mtu mzima anayeheshimika, mzungumze. Mwaka unaweza kupunguzwa.

Wakili Mdogo
Shikamoo mzee. Kuzungumza ni sawa, ila kwenye barua ya msamaha naomba nitofautiane nawe.

Dada, usimruhusu mdogo wako aandike "naomba msamaha kwa kosa nililotenda" kabla hajajibu tuhuma. Barua hiyo itawekwa kwenye jalada lake, na siku ya rufaa ndiyo itakayosomwa kwanza. Akitaka kuonyesha adabu, aandike kwamba anaheshimu uongozi na anaomba kusikilizwa. Inatosha.

Sasa sheria. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ana haki ya kukata rufaa. Hilo neno "chombo kingine" ndilo linaloigusa kamati ya nidhamu ya chuo. Na kusikilizwa hakuishii kwenye kuandikishwa maelezo usiku mbele ya walinzi. Maana yake apewe tuhuma kwa maandishi, aone ushahidi, apate muda wa kujiandaa, ajieleze mbele ya watu ambao si walewale waliomshtaki, na mwisho apewe uamuzi wenye sababu.

Kuna jambo moja lazima mlitazame kwenye barua, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Kusimamishwa kupisha uchunguzi ni tofauti na kusimamishwa kama adhabu. Chuo kinaweza kumtoa mwanafunzi kwa muda ili uchunguzi ufanyike, na hapo si lazima kikao kiwe kimeshakaa. Lakini barua inayotaja kosa na kipindi cha adhabu imeshahukumu. Barua yenu inasemaje hasa?

DadaWaPili
Inasema "umepatikana na hatia ya kuchochea mgomo, hivyo unasimamishwa masomo kwa mwaka mmoja". Neno uchunguzi halimo kabisa.

Wakili Mdogo
Basi wamehukumu bila kumsikiliza. Hiyo ndiyo hoja yenu ya kwanza, na msiizamishe kwenye malalamiko mengine. Chukueni kanuni za nidhamu za chuo (mwanafunzi mwenzake aliyebaki chuoni anaweza kuwapatia), mtafute kifungu cha rufaa. Siku za kukata rufaa mara nyingi ni chache, kwa hiyo soma hicho kifungu leo.

Zamani Spika
Niliwahi kuwa kwenye bunge la wanafunzi. Ninachojua: peleka rufaa nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usimwachie mtu mezani. Nakala ya tatu mpe mshauri wa wanafunzi, na muwashirikishe viongozi wa serikali ya wanafunzi. Kwenye rufaa ombeni pia adhabu isitekelezwe mpaka rufaa isikilizwe, ili afanye mtihani. Hilo watu wengi husahau, wanakuja kushinda rufaa mtihani umeshapita. Na apite kwa afisa mikopo aulize hali ya mkopo wake, apate jibu la maandishi.

Mama Kidato
Samahani kuingilia. Wangu yuko sekondari, mwalimu wa zamu kamchapa viboko vingi mpaka kavimba. Huko nako kuna kusikilizwa?

Wakili Mdogo
Pole mama. Kwa shule kuna kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu. Viboko havizidi 4, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Mpeleke mtoto hospitali kwanza, omba kuona hicho kitabu, kisha andika kwa bodi ya shule na afisa elimu. Ukifungua uzi wako tutakusaidia zaidi.

Mzee wa Busara
Wakili, na hiyo simu? Hata mimi hilo limenikera. Mtoto wa watu anafunguliwa simu usiku kama mwizi.

Wakili Mdogo
Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iandikeni kwenye rufaa kama hoja ya pili: ushahidi ulipatikana kwa kumlazimisha. Mdogo wako aandike sasa hivi, akiwa bado anakumbuka, nani alikuja, saa ngapi, walisema nini, nani alishuhudia. Asifute ujumbe wowote kwenye grupu, hata ule anaodhani unamchafua.

Rufaa ya ndani ikigonga mwamba, kuna Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio ya kimahakama. Maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Mahakama haitaangalia kama alichochea au hakuchochea, itaangalia kama utaratibu ulifuatwa. Kama hela ya wakili hakuna, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinatoa msaada wa kisheria, na malalamiko mnaweza kuyapeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

DadaWaPili
Asanteni sana. Nimemsomea baba, kakubali barua ya msamaha isubiri. Kanuni tumezipata, rufaa ni siku 14 na tumebakiwa na 5. Swali la mwisho: rufaa aiandike mwenyewe au niandike mimi?

Zamani Spika
Aandike na kusaini yeye, jina lake na namba yake ya usajili. Wewe msaidie kupanga hoja. Ukimaliza rasimu ibandike hapa bila majina, tuipitie usiku huu.