Kijiji cha Eyam huko Uingereza, kile cha tauni, kuna nini cha kuona?

Kijana wa Nebbi
Habari zenu jamani. Dada yangu anasoma Sheffield na wenzake wanataka kwenda kutembea kijiji kinaitwa Eyam, kiko Derbyshire, ati watu wa hapo walijifungia wenyewe mwaka 1666 ili tauni isitoke nje na wakafa wengi sana. Sasa ananiuliza mimi, na mimi Uingereza naijua kwa mpira tu. Kuna mtu humu amefika? Kuna vitu vya kuona kweli ama ni makaburi na duka la chai? Na hii hadithi ni ya kweli au wameipamba kwa ajili ya watalii?

Msafiri wa Jinja
Nimefika, na hadithi ni ya kweli, vitabu vya kanisa vina majina ya waliokufa. Ilianza Septemba 1665, fundi nguo mmoja hapo kijijini aliletewa vitambaa kutoka London, inasemekana vilikuwa na viroboto, msaidizi wake George Viccars akavianika karibu na moto na baada ya siku chache akafa. Baridi ikaja vifo vikapungua, watu wakadhani imeisha, kumbe joto liliporudi ndio ikawaka. Juni 1666 mchungaji William Mompesson, yeye na Thomas Stanley aliyekuwa mchungaji kabla yake akatolewa kwa kukataa utaratibu mpya wa ibada, wakakubaliana (na hao hawakuwa marafiki ati) kwamba mtu asitoke. Mpaka inaisha, karibu Novemba, walikufa 260 hivi.

Akifika aanze na nyumba zilizo karibu na kanisa, nje kuna vibao vyenye majina ya waliokufa humo ndani. Kanisani pale nje kuna msalaba wa mawe wa miaka ya 700 huko, mzee kuliko tauni yenyewe, na kaburi la Catherine mke wa Mompesson, alikufa Agosti 1666. Halafu atembee mpaka jiwe la mpaka upande wa Stoney Middleton. Lina matundu sita, watu wa Eyam walikuwa wanatia hela ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa, wenzao wa nje wanaacha chakula wanachukua hela. Na Earl wa Devonshire, mkubwa mwenye jumba la Chatsworth hapo jirani, naye alikuwa anatuma vyakula.

Lakini mahali palinishika ni Riley, nje kidogo ya kijiji, makaburi yamezungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho. Elizabeth Hancock alizika hapo mume wake na watoto sita ndani ya siku nane, peke yake, manake majirani waliogopa kusogea. Mimi nilikaa pale nikashindwa hata kupiga picha.

Mtu wa Kassanda
Ni ya kweli ndio ila msiipambe sana. Hiyo ya "walijifungia wenyewe" uliza vizuri, wenye uwezo wachache walishaondoka mapema na huyo Mompesson watoto wake alishawatoa akawapeleka Yorkshire kabla ya kufunga. Waliobaki ni wakulima na wachimba madini ya risasi, wangeenda wapi, nani angewapokea? Sisi huku Kassanda, Uganda, pamoja na wenzetu wa Mubende, tulifungwa Oktoba 2022 kwa sababu ya Ebola, boda hazitembei, hakuna wa kutuuliza tunataka au hatutaki. Kusema ukweli nikisoma habari ya Eyam nawaza yule mama wa Riley alikubali lini.

Nesi Mstaafu, Arua
Mtu wa Kassanda una hoja, lakini usimwonee mchungaji, mke wake alikataa kuondoka na yeye akabaki mpaka mwisho, hiyo si kidogo. Nakumbuka Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, wakati wa Ebola mwaka 2000, naye angeweza kukimbia lakini alibaki na wagonjwa mpaka ikamuua.

Sasa tauni yenyewe. Sisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tunaijua, hapa kwetu wazee wakiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba wanajua kuna jambo, kiroboto akikosa panya anamrukia mtu. Ndiyo maana wengi walisema kufungia watu pamoja na panya wao ilikuwa kuwaua bure. Lakini kuna utafiti wa 2016 uliochukua vile vitabu vya kanisa la Eyam ukaona karibu robo tatu ya maambukizi yalitoka mtu kwa mtu, hasa ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo kufunga njia kulisaidia vijiji vya jirani, hata kama wenyewe waliumia. Leo ukiwahi kituo cha afya tauni inatibika kwa dawa za kawaida, wao walikuwa na siki na maombi.

Kijana wa Nebbi
Asanteni wote, nimemtumia link. Anauliza usafiri, na kama kuna siku nzuri zaidi.

Msafiri wa Jinja
Apande basi kutoka Sheffield, au treni mpaka Grindleford halafu atembee, kilima kipo avae viatu vya maana. Jumapili ya mwisho ya Agosti wanafanya ibada ya ukumbusho kule bondeni Cucklet Delf, ndiko Mompesson alihamishia ibada wakati ule ili watu wasibanane kanisani. Akienda wakati wa baridi aangalie kwanza, jumba la makumbusho hufungwa. Na mwambie zile nyumba zenye vibao watu wanaishi ndani mpaka leo, asichungulie dirishani, mimi nilimkuta mzee anakula chakula chake ananiangalia tu.