Mwanza kwenda Mbeya (Songwe) kwa ndege: kilomita ngapi, masaa mangapi?

Kirumba_A
Wakuu salaam. Tovuti za kupima umbali zinasema Mwanza–Mbeya ni kilomita 720, saa moja na dakika ishirini angani. Nikitafuta tiketi inakuja masaa matano, nyingine hadi nane. Nishike lipi? Na begi nalichukua Dar au linafika lenyewe?

MezaYaTiketi
Mkuu, zote ziko sawa ila zinapima vitu viwili. Hiyo 720 ni mstari ulionyooka kutoka MWZ (kifupi cha uwanja wa Mwanza) hadi MBI (cha Mbeya), kama maili za baharini 389. Tovuti inaigawa kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Haijui kama kuna ndege inayopita hapo.

Tiketi inakuzungusha Dar. Mwanza–Dar ni km 851, Dar–Songwe 691, jumla 1,542. Yaani zaidi ya mara mbili, kwa sababu unakwenda Bahari ya Hindi kwanza ndipo urudi magharibi. Kwa Airbus A220 kipande cha kwanza ni kama saa moja na nusu, cha pili saa moja na robo hivi. Ukipangiwa Q400, ile ya pangaboi, ongeza robo saa mpaka dakika ishirini kila kipande. Kinachobaki kwenye yale masaa matano au nane ni kusubiri Dar, na hicho ndicho cha kuchagua vizuri.

Mbalizi_Juu
Nyongeza: kuna tovuti bado zinaiweka MBI kwenye uwanja wa zamani mjini Mbeya. Ndege zimehamia Songwe tangu 2012, kilomita 20 na ushee kutoka mjini, barabara ya Tunduma. Kwa safari ya kutoka Mwanza hesabu haibadiliki sana, kilomita mbili tu, maana unashuka kusini na viwanja hivyo vimepishana mashariki–magharibi. Kinachobadilika ni nauli ya teksi.

MezaYaTiketi
Kuhusu begi: kama vipande vyote viko kwenye tiketi moja, mwambie wa kaunta Mwanza alipeleke hadi mwisho, kisha usome lebo kabla halijaondoka kwenye mkanda. Iandikwe MBI, na DAR kama pa kupitia. Ikiwa na DAR peke yake, begi litakusubiri Dar. Tiketi mbili tofauti maana yake unalichukua mwenyewe, unatoka, unaanza kaunta upya.

Kirumba_A
Tiketi mbili naona ni nafuu. Niache muda gani katikati?

Mbalizi_Juu
Saa nne, zisipungue. Ndege ya Mwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai wala halikujui, nauli imekwenda. Kwa tiketi moja saa mbili zinatosha, na ukikosa ya kuunganisha ni juu yao kukutafutia nyingine.

Halafu usikimbilie ndege ya alfajiri kwenda Songwe. Ukungu wa asubuhi pale si wa mchezo: rubani asipoiona njia ya kutua anazunguka, na ukungu usipoinuka anarudi Dar na abiria wake. Ya kuanzia saa tano asubuhi kwenda mbele ina nafuu.

Kirumba_A
Shukrani wakuu. Nachukua tiketi moja, ya mchana.