Mrejesho: Viza ya matembezi kwenda ya mwenza, Uingereza

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama mke wangu, aliyekuja Uingereza kwa viza ya matembezi, anaweza kubadilisha kuwa ya mwenza bila kurudi Tanzania. Jibu ni hapana. Kanuni za uhamiaji haziruhusu, hata kama ndoa mnayo tayari, labda pawe na mazingira ya kipekee kabisa. Mlioshauri arudi mapema, asanteni sana. Yule wakala aliyetaka hela "aongee na watu wake" tulimkataa.

Basi akarudi Dar muda wake ukiwa bado haujaisha, akaombea huko. Kilichotutoa jasho ni kipato: tangu Aprili 2024 mwenza aliyeko huku anatakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka, na hati za mshahara lazima zioane na taarifa ya benki. Ada ya afya (ya kutibiwa kwenye huduma ya serikali huku) nayo inauma jamani, pauni 3,105 kwa mkupuo! Kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza wa A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, havikusumbua.

Amepata. Miezi 33, na kazi anaruhusiwa. Jumamosi nampokea Heathrow, nina furaha isiyo kifani. Mwenye swali la nyaraka aulize, nitamjibu.